Analaiza Inajibu Swali Moja: Mhadhara Kuhusu Antena ya Waya Katika Viwanja vya Dar es Salaam

  

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wetu tunaifanya tukiwa juu ya ngazi, shati limelowa jasho na plaizi iko mfukoni: kurekebisha antena ya waya uliyoitengeneza mwenyewe, kwa kutumia analaiza. Nitasema mapema ninakoelekea ili mtu asichoke njiani. Analaiza inajibu swali moja tu: nguvu inayotoka redioni inapokelewa huko juu, au inarudi? Ikishapokelewa imekwenda wapi, kifaa hicho hakijui na hakikuundwa kujua. Mwenye kulielewa hilo hukiheshimu kifaa bila kukiabudu, na antena yake husikika Mwanza. Asiyelielewa hupiga picha kioo chenye namba nzuri, akawatumia rafiki zake, kisha akashangaa kwa nini anaita na haitikiwi.

Waya na mji huu

Dar es Salaam na waya wa redio wanajuana siku nyingi. Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na umuhimu wake unaonekana kwa jambo moja: tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani, manowari ya Kiingereza HMS Astraea ilifika ikakipiga mizinga. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam. Baada ya hapo wazee wangu mnakumbuka redio za mbao, na ule waya uliotoka dirishani ukaenda kufungwa kwenye mnazi ili BBC ya jioni isikike bila kukwaruza.

Waya ule wa dirishani ulikuwa wa kupokea. Wa kupokea hauna makuu; mrefu au mfupi, utapata chochote. Wa kurusha una masharti, na sharti la kwanza ni la kisheria. Kurusha kwenye masafa ya redio ya ridhaa kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na mwenye leseni hupewa alama ya mwito. Zetu huanza na 5H: Bara tumezoea kusikia 5H3, Zanzibar 5H1. Afrika iko katika Kanda ya Kwanza ya ugawaji wa masafa duniani, kwa hiyo bendi ya mita 40, ambayo nitaitumia kama mfano jioni hii, kwetu ni kuanzia megahezi 7.0 hadi 7.2. Sharti la pili ni la kifizikia, na ndilo lililotukutanisha.

Kinachopimwa

Redio zetu nyingi zimeundwa kuhudumia mzigo wa omu 50. Kebo nyembamba nyeusi ya RG-58 nayo ni ya omu 50. Waya wa dishi, ile RG-6 iliyojaa kila mtaa, ni wa omu 75. Antena yenyewe, yaani waya wa nusu wimbi uliokatwa katikati na kulishiwa hapo katikati, ukining'inizwa mbali na kila kitu hutoa omu 73 hivi. Ukiinua katikati na kuinamisha ncha mbili kuelekea chini, zile omu hushuka na kuikaribia 50. Ndiyo maana mkao huo unapendwa: mlingoti mmoja tu, na hesabu inakaa vizuri.

Mzigo usipolingana na kebo, sehemu ya nguvu hugeuka na kurudi. Inayokwenda ikikutana na inayorudi, ndani ya kebo hujengeka vilele na mabonde yasiyosogea, na uwiano wa kilele na bonde ndio huo tunaouita SWR. Kwenye 1 kwa 1 hakuna kinachorudi. Kwenye 1.5 inarudi asilimia 4. Kwenye 2 inarudi asilimia 11. Kwenye 3 inarudi robo nzima. Ziangalieni namba hizi kwa utulivu. Kutoka 1.5 kwenda 1.1 unaokoa chini ya asilimia 4 ya nguvu, na hakuna sikio la Tabora wala la Tanga litakalotambua tofauti hiyo. Kijana anayeshinda juu ya paa siku nzima akiifukuza ile 1.1 angeitumia siku hiyo vizuri zaidi kuinua mlingoti.

Zamani kupima SWR kulitaka urushe kwanza kwa nguvu ya redio, huku ukiomba tranzista za mwisho zisiungue. Analaiza ina chanzo chake kidogo cha mawimbi. Inapita kwenye masafa uliyoichagulia na kuchora mstari kwenye kioo. Miaka ya 1990 aliyekuwa na MFJ-259 kutoka Marekani alikuwa tajiri wa kijiji. Kisha kikaja NanoVNA, kidude cha kuingia kiganjani: ubunifu ulitoka kwa mwanaridhaa wa Japani aliyeuacha wazi kwa kila mtu, na kuanzia 2019 viwanda vya China vikaumwaga sokoni. Kipimo ambacho kilikaa kwenye maabara za vyuo vikuu leo kinapatikana kwa bei ya simu janja ya kawaida.

Kabla ya kukiamini, kisawazishe. Kinakuja na vipande vitatu: ncha iliyo wazi, ncha iliyofungwa, na ncha ya omu 50. Vyote vitatu vifungwe pale pale unapotaka kipimo kianzie. Ukivifunga kwenye mdomo wa kifaa, unapima antena pamoja na kebo yake. Ukivifunga mwisho wa kebo, kule juu inakoungwa na waya, unapima antena yenyewe. Na kila ukibadilisha masafa unayopima, sawazisha tena.

Kunja kwanza, kata baadaye

Antena hupokea nguvu vizuri pale urefu wake unapolingana na wimbi. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, mkono haupati taabu, ukisukuma kabla ya wakati, bembea inakurudishia.

Urefu wa nusu wimbi angani ni 150 ukigawa kwa megahezi, na jibu linakuja kwa mita. Kwenye waya halisi tunatumia 143, kwa sababu ncha za waya zinaifanya antena ijione ndefu kuliko ilivyo. Kwa megahezi 7.1 tunapata mita 20.14, yaani kila upande mita 10 na sentimita 7. Lakini wengi wetu hatutumii waya mtupu. Tunatumia waya wa umeme wa nyumba, wa milimita 1.5 za mraba, wenye ganda la plastiki. Plastiki inalipunguzia wimbi mwendo, kwa hiyo waya huo unadai kuwa mfupi zaidi kwa asilimia mbili, tatu, hata nne. Kanuni, basi, inakupa pa kuanzia tu.

Tuchukue mfano. Umekata kila upande mita 10.5, jumla mita 21. Umepandisha, umepima, na mstari kwenye kioo umezama kabisa, ukachora bonde, kwenye megahezi 6.75. Waya ni mrefu. Urefu unaotakiwa ni urefu ulionao, mara masafa uliyoyapata, gawa kwa masafa unayoyataka: 21 mara 6.75 gawa kwa 7.1, jibu ni mita 19.97 kasoro kidogo. Unatakiwa kupunguza mita moja na sentimita tatu na ushee, yaani sentimita 52 kila upande. Usizikate zote. Kunja sentimita 35 kila upande, zisokote juu ya waya wenyewe zishikamane, pandisha tena. Bonde litahamia karibu na 6.98. Sasa unaona antena inafuata hesabu au ina mambo yake, na zile sentimita 17 zilizobaki unazipunguza ukijua unachofanya. Ukiridhika ndipo plaizi ifanye kazi, na hata hapo acha kipande kidogo kilichokunjwa. Waya mrefu hupunguzwa kwa dakika moja. Mfupi hudai kuungwa, na kila kiungo kilichoongezwa ni mlango wa kutu.

Kwa anayetaka kipimo cha kubeba kichwani: asilimia moja ya urefu ni asilimia moja ya masafa. Kwenye mita 40, sentimita 10 kila upande zinasogeza bonde kama kilohezi 70. Punguza pande zote mbili sawasawa.

Ule mduara wenye mistari mingi unaowatisha watu kwenye kioo ni kazi ya Phillip Smith, mhandisi wa Marekani, aliyeutangaza mwaka 1939. Ukipima mwanzoni mwa antena, usome hivi: nukta ikiwa nusu ya juu, waya ni mrefu kwa masafa hayo, ikiwa nusu ya chini, ni mfupi, ikiwa kwenye mstari wa kati, urefu umetosha, na kinachobaki ni kuangalia omu ni ngapi. Omu hizo ni muhimu, maana SWR ya 2 inaweza kutokana na omu 25 au omu 100, na dawa zake zinapingana. Antena ya omu 25 aghalabu iko chini mno au imelala karibu na bati. Hiyo hairekebishwi kwa kukata waya, inataka kuinuliwa.

Kiwanja cha ishirini kwa ishirini

Vitabu vingi vya antena vimeandikwa kwa watu wenye bustani. Sisi tuna kiwanja cha ishirini kwa ishirini, nyumba katikati, choo nyuma na ukuta wa tofali pande zote. Waya wa mita 20 haukai vizuri kwenye upande wa kiwanja hicho, lakini kona kwa kona ni mita 28. Vuta kona kwa kona, inua katikati kwa bomba la chuma lililofungwa kwenye kenchi, ncha zake zishukie kwenye kona za ukuta kwa kamba ya nailoni. Inatosha, na nafasi ya kamba inabaki.

Tegeta, Boko, Bunju au Mbweni, kule viwanja vilikopimwa na minazi bado imesimama, kazi ni nyepesi zaidi: mnazi mmoja unakupa urefu ambao bomba halikupi. Lakini mnazi unayumba. Kaskazi au kusi ikivuma, waya uliofungwa moja kwa moja kwenye shina unakatika. Pitisha kamba kwenye kapi, ning'iniza kidumu cha maji upande wa pili. Mti ukiyumba, kidumu kinapanda na kushuka, na waya unabaki na mvuto ule ule.

Mbagala, Tandika au Mtoni kwa Azizi Ally ni habari nyingine. Nyumba zimebanana, bati la jirani linakaribia la kwako, na mita 20 za waya zingepita juu ya paa tatu. Hapo nenda bendi ya mita 20 badala ya 40: kwenye megahezi 14.2 antena nzima ni mita 10. Na fahamuni kwamba bati ni sehemu ya antena hata kama hukuliunga. Waya ukipita nusu mita juu ya bati, bonde linahama na omu zinaporomoka. Ndiyo sababu waya ule ule, wa rola moja, uliokatwa kwa tepu moja, utakupa namba moja Chamazi na namba nyingine Kunduchi. Ukirekebisha antena chini uani kisha ukaipandisha, umerekebisha antena ya uani. Ipimie pale itakapoishi.

Wengine hulalamika kwamba mita nane za urefu ni chache kwa bendi ya mita 40. Kwa kusikika Ulaya, kweli ni chache. Lakini waya ulioko chini hivyo hurusha sehemu kubwa ya nguvu yake juu, na anga la juu huirudisha chini katika eneo la mamia ya kilomita kuuzunguka mji. Mchana hiyo ndiyo Tanga, Morogoro, Dodoma, Iringa na Lindi. Anayetaka kuongea na nyumbani asiuonee haya mlingoti mfupi.

Namba nzuri, antena mbovu

Sasa nije kwenye lile swali ambalo analaiza hailijibu. Chukua kipande cha omu 50 kilichokuja na kifaa, kipime. SWR ni 1 kwa 1 kutoka mwanzo hadi mwisho wa kioo. Hakuna antena duniani yenye namba nzuri kama hiyo, na hakirushi chochote. Kinageuza nguvu kuwa joto.

Kebo mbovu hufanya vivyo hivyo, ila kwa siri. Tuseme kebo yako inapoteza nusu ya nguvu njiani. Iondoe antena kabisa, acha ncha ya juu wazi, kisha pima kutoka chini. Nusu imepotea ikipanda, nusu ya iliyobaki imepotea ikirudi, na analaiza inakuonyesha SWR ya 3 mahali ambapo hakuna antena. Ukiwa na waya wa kawaida kule juu, kebo hiyo itakuonyesha namba za kupendeza kwenye bendi nzima. Kwa hiyo fanyeni kipimo hiki mara kwa mara: ifungue antena kule juu, pima kebo peke yake. Kebo nzima hutoa SWR kubwa mno, karibu kila kitu kinarudi. Ikikupa namba ndogo, usifurahi. Kebo inakula nguvu yako.

Na kwetu pwani sababu yake inajulikana: hewa ya chumvi na maji. Maji huingia juu, pale kebo ilipopasuliwa ili kuungwa na pande mbili za waya, yakateremka ndani ya matundu ya wavu wa shaba hadi unageuka mweusi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chomea risasi kiungo, kizungushie tepu ya mpira kisha tepu ya umeme, halafu ipinde kebo iangalie chini kabla haijashuka ili maji yadondokee hapo. Wanaotumia waya wa dishi wajue kwamba wavu wake mara nyingi ni wa alumini na risasi haishiki. Tumieni konekta yake ya kubana, na mridhike na SWR ya 1.5, ambayo mmeshaona gharama yake.

Dalili ya tatu ni kebo yenyewe kugeuka antena. Utaijua hivi: ukiishika kebo kwa mkono namba zinabadilika, ukiiongeza mita mbili bonde linahama, ukirusha, spika ya televisheni ya sebuleni inaongea nawe. Mawimbi yanateremka kwa nje ya wavu. Dawa ni nafuu. Izungushe kebo kwenye ndoo ya rangi ya lita nne, mizunguko kama kumi iliyolala sambamba, ifunge, itoe ndoo, na koili hiyo ikae juu kabisa, chini tu ya kiungo. Kisha pima upya, maana antena unayoipima sasa ndiyo ya kweli.

Mvua, radi na nguzo za umeme

Masika ikiingia, waya wenye ganda uliolowa hushusha bonde kidogo. Ukirekebisha antena mwezi wa Aprili mvua inanyesha, utaikuta imepanda mwezi wa Agosti. Acha bonde likae katikati ya bendi, msimu usogeze unavyotaka.

La radi halina mjadala. Mawingu yakikusanyika, chomoa kebo redioni na uitoe nje ya dirisha. Na analaiza isiunganishwe kamwe na antena wakati huo. Umeme tuli unaojikusanya kwenye waya unatosha kuiua hata bila radi kupiga. Gusisha kwanza ncha ya kebo kwenye athi, ndipo uiunge na kifaa.

La nguzo za TANESCO nalisema kwa sauti. Usipitishe waya juu ya nyaya za umeme wala chini yake, wala mahali ambapo ukikatika utaziangukia. Pima umbali kwa kufikiria mlingoti umeanguka wote kwa urefu wake. Kama kiwanja hakiruhusu, chagua bendi yenye waya mfupi.

Swali la pili

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku ya namna hiyo mtu mwenye betri ya gari, redio na mita 20 za waya ana mawasiliano na Dodoma bila kumtegemea mtu. Lakini siku hiyo hakuna atakayemuuliza SWR yake ni ngapi. Ataulizwa kama anasikika.

Hilo linapimwa na watu. Acha antena ya zamani mahali pake, weka mpya kando, mwite mwenzako wa Tanga au Morogoro, badilisha moja kwa nyingine ndani ya dakika ile ile na umwombe akwambie ipi imekuja na nguvu. Rudia asubuhi, mchana na jioni. Analaiza imekwambia waya umepokea. Tanga inakwambia waya umefikisha.

Nimalizie kwa ombi. Hatuhitaji kila mmoja anunue analaiza. Moja inatosha kwa Mbagala nzima, nyingine kwa Tegeta na Bunju, na moja iwekwe kwa walimu wa fizikia na wa ufundi, maana somo la mawimbi linalofundishwa ubaoni linaonekana lote kwenye kioo kile. Atakayeazima asilipe fedha. Alipe kwa kuandika kwenye daftari linalotembea pamoja na kifaa: aina ya waya, urefu wa kila upande, kimo cha katikati, umbali kutoka kwenye bati, bonde lilipokaa, omu ngapi, mvua au jua, na nani alimsikia kutoka wapi. Baada ya misimu miwili ya mvua tutakuwa na kitabu cha antena kilichoandikwa na viwanja vyetu wenyewe, na kijana wa Chamazi hataanza tena na kanuni ya mtu mwenye bustani.